Mtanzania nilivyosomea kufundisha Kiingereza Kampala: yaliyonikuta Kabalagala

Wakuu, poleni na mihangaiko. Leo naleta kisa changu mwenyewe, si cha kusimuliwa. Kuna members wa Kampala humu wananijua, nikidanganya watanisuta.

Mume wangu alihamishiwa Kampala kikazi, tukapanga Mengo. Nikawa mama wa nyumbani bila kupenda. Nikaichoka TV.

Siku moja nikaona tangazo la kozi ya kufundisha Kiingereza kwa wageni, maana huku wamejaa Wakongo, Wasudani na Wasomali wanaokihitaji. Nikajilipua.

Sasa vuteni picha. Mtanzania. Kufundisha Kiingereza. Uganda! Mnajua wenyewe majirani wanavyotuchukulia kwenye hiyo idara.

Siku ya kwanza tu mwanakozi mwenzangu, Okello, alinipokea hivi: "Wewe Mutanzania, English umetoa wapi? Si nyinyi mulikataaga hiyo kitu?"

Okello ni mtoto wa polisi, Kiswahili chake alikiokota kambini alikokulia. Nilinuna kidogo, ila baadaye akawa rafiki yangu mkubwa. Mpaka leo tukikutana tunakula rolex pamoja. (Rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai, msije mkadhani nimeanza kutafuna saa.)

Mkufunzi wetu alikuwa Madam Nakato, mama mpole wa sura, mkali wa kalamu. Sheria yake moja: darasani ni Kiingereza tu. Mwanafunzi asipoelewa, chora, igiza, ruka kama chura, lakini usitafsiri.

Mazoezi tulifanyia Kabalagala, kwenye chumba juu ya duka la simu. Wanafunzi wangu wengi walikuwa Wakongo. Yaani watu wanaojua Kiswahili! Huo ndio ulikuwa mtego.

Somo langu la kwanza nilitapatapa. Nikiona uso umekunjamana tu, mdomo unaniponyoka: "Haya, mmeelewa jamani?" Madam Nakato akaniita pembeni.

"Umeongea wewe mwanzo mpaka mwisho. Sasa nani amejifunza?"

Nikafeli. Likabaki somo moja la mwisho. Nikiharibu na hilo, cheti nakisikia kwa wenzangu.

Kilichoniumiza zaidi ni Mama Neema, mama wa Goma anayeuza vitenge. Alikuwa hakosi darasani, ila hafungui kinywa. Nikamuuliza baada ya kipindi, akanijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, niko naelewa. Lakini kinywa inakataa. Naogopa batanicheka."

Nikamtembelea kibandani kwake. Wakuu, yule siyo yule! Kwa Wakongo wenzake alikuwa anauza kwa Kiswahili na Kilingala, anacheka, anamvisha mteja kitenge kabla hajaomba. Mara akatokea dada mmoja anaongea Kiingereza. Mama Neema akanywea, akamwonyesha kibanda cha jirani. Mteja akaenda zake.

Niliondoka pale roho inaniuma, lakini nimeshapata somo langu.

Siku ya mtihani nikaligeuza darasa kuwa soko. Kila mmoja alete cha kuuza. Okello akajitolea kuwa mteja. Madam Nakato akakaa nyuma na karatasi zake.

Wengine walijitahidi. Ikafika zamu ya Mama Neema. Okello akauliza bei. Kimya. Akarudia. Kimya.

Wakuu, Kiswahili kilikuwa kinaniwasha ulimini kama pilipili. Nikajiuma, nikasubiri. Nyuma kule nasikia kalamu inaandika.

Ghafla Mama Neema akampita Okello kama hamwoni, akaenda moja kwa moja hadi nyuma, akamtandazia Madam Nakato kitenge begani.

"Madam! This colour, for you! You are beautiful! Don't go!"

Darasa likalipuka. Madam akajaribu kujitetea kuwa yeye anakagua tu.

"Look is free, madam. Touch! Touch!"

Basi likaanza soko la kweli. Darasa zima likawa linamshauri Madam kwa Kiingereza: "Too expensive! Go away! Come back!" Hata mzee mmoja wa Kisudani aliyekuwa akisinzia kila siku alisimama kubargain kwa niaba yake.

Madam Nakato akanunua. Kweli kabisa, akalipa.

Tulipokaa kupata majibu, akaniambia, "Maandishi yako ubaoni yanateremka kama yanaenda Katwe kule bondeni. Lakini leo hujaongea, wameongea wao. Umepita."

Banange, yaani jamani! Nilitoka pale nikamkumbatia Okello, karibu tuanguke ngazini.

Nilichojifunza: wengi wetu lugha tunayo kichwani, tunachokosa ni mtu wa kutusubiri bila kutucheka. Sisi Watanzania tunalijua hilo kuliko mtu yeyote, na mimi ndilo lililonisaidia kufundisha.

Sasa hivi nina darasa langu palepale Kabalagala. Juzi nimepita kwa Mama Neema, nikamsalimia kwa Kiswahili. Akanitazama kwa huruma kabisa.

"Teacher, English please. You must practise."

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine humu Kiingereza kimewahi kumgandia mdomoni, na alijinasuaje? Wa kunicheka nao karibuni, nimeshazoea.