Profesa wa Soli

Fundi viatu aliyemwoa dada yangu tulimwita Profesa, na jina lenyewe alilipenda, maskini, hakujua tunamcheka. Akishika kiatu chako anakusomea tabia: wewe mvivu, unaburuta miguu. Na ukimpelekea soli iliyotoboka, utajuta kuzaliwa. "Ungeleta mapema!" anafoka, wateja wengine wakisikia. "Tobo dogo mnaliangalia tu, likishakuwa pango ndipo mnanikumbuka!"

Huyo huyo ana sukari mwaka wa tisa sasa. Kinyozi hajinyoi, lakini huyu alizidi.

Siku mbili kabla ya kliniki, Profesa hali kitu chenye utamu, chai anakunywa bila sukari, anatembea mpaka sokoni na kurudi. Anachomwa kidole, kipimo kinatoka kizuri, anarudi nyumbani kifua mbele. Jioni hiyo hiyo, soda mbili. Damu ya mshipani hakuwahi kukubali itolewe. "Tone moja linatosha," alisema, kana kwamba alisomea udaktari chini ya meza ya gundi.

Kichwa kilivimba kwanza, miguu ikafuata. Viatu vilipoanza kumbana, mjuaji alivitia kalibu ya mbao akavipanua. Akavipanua tena. Mara ya tatu akavikata nyuma, akavivaa kama ndala.

Dada akamwambia, "Baba watoto, mkojo wako unatoa povu."

"Ni sabuni yako hiyo, unamwaga nyingi chooni."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimwambia mimi pia, akaniuliza kama nimeacha kazi ya ususi nikawa nesi.

Mwezi uliopita alikuta nesi mgeni pale kliniki. Mama huyo alimtazama miguu, akaikalia kadi yake. "Baba, hutoki hapa bila damu ya mshipani na mkojo." Profesa akanuna, akatoa vyote viwili.

Majibu tulikwenda kuyachukua watatu. Daktari hakupandisha sauti. Kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu kilikuwa juu sana. Siku mbili za kujinyima hazikukidanganya. Protini ilikuwa inavuja kwenye mkojo, ndiyo iliyoleta lile povu. Kisha akaonyesha homoni moja ndani ya damu, inayotengenezwa na mifupa. Figo zikianza kushindwa, homoni hiyo hupanda, hata kama mwenyewe hasikii maumivu popote. Yake ilikuwa imepanda mno.

"Dawa si zipo?" Profesa akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, sikuitambua.

"Zipo, mzee, za kulinda kilichobaki. Kilichoharibika hakirudi. Ukiendelea hivi, tutakuunganisha na mashine ya kusafisha damu." Daktari akafunga faili. "Ungekuja mapema."

Dada yangu aliinamisha kichwa. Mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kucheka, na hapo hapo nikaitazama mikono ya Profesa, mikono iliyowalisha wapwa zangu wote. Nilimchukia kwa ujinga wake.

Kesho yake nilikuwa kibandani kwa Profesa, nimemletea chakula kutoka kwa dada, akaja mama mmoja na kiatu kilichotoboka hadi kidole kinapita. Profesa akakigeuza. Nikasubiri mahubiri. Yule mama naye alikuwa ameshajikunja tayari.

"Nitaokoa kilichobaki, mama," akasema, akavuta kopo la gundi.