Namba Niliyoiandika Jeddah

Namba yangu ya jeshi naijua kuliko ninavyozijua tarehe za kuzaliwa za watoto wangu, na mke wangu amenisuta kwa hilo mara nyingi. Nilitumikia jeshi la Kenya miaka kumi na tano, yote stoo: buti, mablanketi, mahema, vipuri vya malori. Kila karatasi niliyoishika ilianza vilevile. Namba, cheo, jina. Jina lilikuja mwisho, na mara nyingi hakuna aliyejisumbua kulisoma.

Nilipotoka nilipewa barua. Ilisema kwamba kwa kuwa nimetumikia muda mrefu bila doa, jeshi litanilipia masomo ya kozi moja, mradi niimalize kabla ya miaka mitano kwisha. Nikaikunja, nikaitia ndani ya Biblia, nikaenda kutafuta kazi. Wakati huo mawakala wa Saudia walikuwa wamejaa Nairobi wakichukua watu makundi kwa makundi, na mtu aliyewahi kuvaa gwanda hakuulizwa maswali mengi. Nikajikuta Riyadh, mtaa wa Malaz, bawabu wa jengo la ghorofa nne.

Kazi ya lango si mbaya, ila inaozesha akili. Unafungua, unafunga, unaandika magari yaliyoingia, unawabebea wapangaji mitungi ya maji, unaamkia watu wasioitikia. Mwenye jengo, ambaye ndiye aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wa kibali changu cha kazi, aliniita haris, yaani mlinzi, na jina langu nadhani hakulijua. Lilikuwa kwenye ikama, kile kitambulisho cha ukaazi, lakini ikama nayo watu husoma namba tu.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na tatu kati ya ile mitano ya barua ilikuwa imekwenda, mke wangu aliponipigia simu kuuliza barua iko wapi. Huyu mwanamke tulisoma darasa moja. Alikuwa akikaa dawati la nyuma yangu na kunakili hesabu zangu bila haya.

"Baba watoto," akasema, "wewe ndiye ulikuwa unaongoza darasa. Ama umesahau?"

Sikuwa nimesahau, na ndiyo maana liliniuma. Nilimaliza kidato cha nne na alama za kwenda chuo, baba yangu hakuwa na uwezo, nikaenda jeshi. Hadithi yote ni hiyo na sikupenda kukumbushwa. Mimi nina hasira za karibu, nilimkatia simu. Kesho yake nikamwomba msamaha, na wiki iliyofuata nikajiandikisha katika chuo kimoja cha Nairobi kilichokuwa kikifundisha kwa mtandao usimamizi wa stoo na usafirishaji wa mizigo.

Masharti yalikuwa hayana huruma. Kozi ilikuwa ya mwaka mmoja na nusu, mtihani mara moja tu, mwishoni, karatasi tatu. Sisi wa Saudia tungeufanyia Jeddah. Ukikosa au ukianguka unangoja mwaka mzima, na barua yangu isingefika huko. Nilikuwa na nafasi moja basi, na watu wa umri wangu hawazoei kupewa hata hiyo.

Nilichapisha masomo kwenye duka la fotokopi, nikayaficha ndani ya daftari la wageni. Mpangaji akipita aliona bawabu anayechunguza kazi yake kwa bidii ya ajabu. Mwenzangu wa chumba, Mkenya pia, dereva wa mwenye jengo, hakuniacha nipumue. Kila jioni akirudi kutoka mtaa wa Suwaidi, alikowapeleka mabibi wa mwenye jengo kwa ndugu zao, aliegemea lango na kuniuliza kama nimemaliza kazi ya mwalimu.

"Mwanafunzi, ukishahitimu tutakutafutia mchumba," alikuwa akisema. "Mwenye meno yote."

Nilimtukana, naye akacheka. Lakini ni yeye huyohuyo aliyeshika karatasi zangu na kunihoji maswali huku akiosha gari, na hesabu za gharama za usafirishaji, zilizokuwa zikinitoa jasho, alizielewa kabla yangu. Ni yeye pia aliyekubali kukaa langoni siku nne nikienda Jeddah, juu ya kazi yake mwenyewe. Kabla ya hapo nilimwoshea gari miezi miwili nikalipa deni hilo mapema, maana sipendi kudaiwa fadhila.

Ilibaki ruhusa ya kafili. Nilimfuata akitoka msikitini adhuhuri, nikamwambia kwa Kiarabu changu cha langoni kwamba baba, nataka siku nne, nina imtihani. Alidhani amesikia vibaya. Nikarudia. Akanitazama kutoka kwenye kofia hadi kwenye viatu.

"Mwanangu wa kumzaa nimemnunulia gari ili aende chuo, hataki," akasema. "Haris wangu anataka." Akatikisa kichwa akaondoka, nami nikahesabu kwamba nimekataliwa. Nilikuwa nimeshaanza kukasirika aliporudi hatua mbili na kusema, "Siku tano. Usirudi umechoka. Yalla."

Nilipanda basi la asubuhi, lile lisilopitia Makka, kwa kuwa ikama yangu inasema mimi si Mwislamu. Kutwa nzima ilikuwa jangwa na hesabu, jangwa na hesabu, mpaka abiria wa pembeni, Msudani, akaniomba niache kunong'ona.

Msimamizi wa mtihani alikuwa karani wa Bandari ya Jeddah aliyefanya kazi hiyo siku zake za mapumziko. Wazazi wake walimtoa Unguja mgongoni baada ya mapinduzi, akakulia Jeddah, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja kitupu, kitamu, nami nikaona aibu kufungua mdomo na Kiswahili changu cha kambini. Mtu wa taratibu kupita kiasi. Alipanga kalamu za akiba mstari mmoja, akatukagua sisi watahiniwa tisa, akatusainisha orodha ya waliofika, akasoma masharti: jina lisiandikwe popote kwenye kitabu cha majibu, andika namba tu, ili msahihishaji asijue ni nani.

Nilijaza jalada kabla hajamaliza sentensi. Nilimwona kijana wa mbele yangu akihangaika kutafuta namba yake kwenye karatasi aliyoikunja, nikamcheka moyoni. Jeshi lilinifunza, nikajiambia.

Karatasi ya stoo niliila kama uji. Waliuliza habari ya kupokea mzigo uliopungua, na mimi nimepokea mizigo iliyopungua maisha yangu yote. Ya usafirishaji ilikuwa ngumu kiasi. Ya hesabu niliimaliza dakika mbili kabla ya muda, shati limenigandia mgongoni, na nilijua nimepita. Mtu hujua. Nilitoka pale nikanunua samaki mzima wa kuchoma, nikamla peke yangu nimeikabili bahari, na sikumbuki kama nimewahi kujipenda vile.

Matokeo yalitoka baada ya wiki saba. Nilikuwa langoni, nikayafungua kwenye simu. Mbele ya jina langu waliandika hakufika. Mara tatu, karatasi tatu.

Nilipiga simu chuoni. Mama mmoja wa ofisi ya mitihani akaniambia kwa sauti ya upole kwamba vitabu vyenye namba yangu havipo, na kwamba wafadhili wangu, yaani jeshi, watajulishwa mwisho wa mwezi kuwa sikufanya mtihani. Nikamweleza kwamba nilifika. Akarudia. Basi nikasema maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, mpaka mpangaji wa ghorofa ya pili akafungua dirisha. Huyo mama hakunikatia simu. Aliningoja nimalize, akaniambia nitafute ushahidi, siku zilizobaki ni kumi na moja.

Sikumpigia mke wangu. Ningemwambia nini? Nilimpigia yule Mzanzibari, nikaanza kumfokea na yeye pia, kwamba vitabu vyangu amevipeleka wapi.

"Taratibu, ndugu yangu," akasema. "Sahihi yako ninayo hapa kwenye orodha, na vitabu nilivihesabu mwenyewe, ishirini na saba, wallahi. Hebu nitajie namba yako."

Nikaitaja. Ilinitoka mfululizo, bila pumzi, kama nilivyoitaja mbele ya maafisa miaka kumi na tano.

Nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Hiyo siyo iliyomo humu," akasema. "Ya humu imeanza kwa herufi za chuo."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Nilijiona pale ukumbini nikimcheka kijana wa watu aliyekuwa anatafuta namba ya haki, na mimi nimeshaandika ya jeshi, kwenye vitabu vyote vitatu, kwa mwandiko mzuri. Mazoea yana taabu. Nilimwambia msimamizi kila kitu, nikamwomba radhi kwa kumfokea.

"Na mimi nilivihesabu vitabu, namba sikuzisoma," akasema. "Tumekosa sote wawili." Kisha akacheka, kicheko kirefu kisicho na ubaya. "Yakhe, jeshi umeliacha, lenyewe halijakuacha."

Ilinichukua muda kuona kwamba amenipa jibu. Lile jeshi ambalo halijaniacha ndilo lililokuwa likinilipia masomo. Barua yangu, ile ya ndani ya Biblia, juu kabisa ilikuwa na namba hiyohiyo, na chuo kilikuwa na nakala yake tangu siku niliyojiandikisha. Hakukuwa na mtu mwingine duniani ambaye namba ile ingekuwa yake.

Nikampigia tena yule mama wa ofisi ya mitihani. Nilianza kwa kumwomba msamaha, nao ulikuwa mrefu. Nikamweleza. Akaniambia ningoje, na nikasikia kabati la chuma likifunguliwa.

"Viko hapa," akasema. "Vitabu vitatu vya mtu asiyejulikana. Vimesahihishwa, ila tulikosa pa kuviandika." Akaniomba nimtajie namba polepole, tarakimu moja moja, naye akiifuata kwenye nakala ya barua. Tulipofika mwisho akavuta pumzi. "Mzee, ulifanya vizuri hivi halafu ukakataa kutuambia ni wewe?"

Kamati yao ilikaa, msimamizi akawatumia orodha yenye sahihi yangu, na siku tatu kabla ya mwezi kwisha yale maneno matatu yalifutwa. Nilipita karatasi zote. Ya stoo niliongoza, kati ya watahiniwa wote wa Kenya na wa ng'ambo. Mwenzangu wa chumba aliposikia hakunitania. Alinisalimia kwa saluti, vibaya, kwa mkono wa kushoto, kisha akaingia ndani akanipikia ugali.

Siku hizi sikai langoni. Yule Mzanzibari aliniambia kampuni moja ya mizigo bandarini inatafuta karani wa stoo, na kafili akanisainia karatasi za kuhama bila kunizungusha. Aliniuliza jina langu siku ile, ili alitamke vizuri mbele ya mwanawe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama sana.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile cheti kilipofika, bado nikiwa Malaz. Mwenzangu alikileta kutoka likizo, ndani ya bahasha ngumu, kimefungwa kwa nguo zake ili kisipate mkunjo. Nilinawa mikono kwanza. Katikati ya karatasi, kwa herufi kubwa, yalikuwa majina yangu yote matatu, langu, la baba na la babu. Hakuna cheo mbele yake. Namba waliiandika chini pembeni, ndogo kama sisimizi, na nilihakikisha ni ya chuo.

Nikampigia mke wangu nikamsomea kuanzia juu. Nilipofika kwenye jina akanikatiza.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena, polepole, majina matatu.

"Huyo ndiye aliyenioa," akasema, na kabla sijajibu akaenda kuwaita watoto ili nisome mara ya tatu.