Vidato Kumi na Kimoja vya Hakumaya

Bekhalal alikuwa fundi wa ngazi. Si wa milango, wala wa yale madirisha ya kuchongwa ambayo wageni huja mjini kwetu Patan kuyapiga picha. Sifa hizo walizichukua binamu zake. Yeye baba yake alimrithisha ngazi, na kwa miaka arobaini na moja hakuna nyumba ya mtaa ule ambayo hakuipigia magoti. Alijua kidato gani kinalia na kwa mguu wa nani. Na lilikuwapo neno moja alilopenda kulisema hata asipoulizwa: "Nitajieni mtu mmoja aliyeanguka kwenye ngazi yangu." Watu walicheka tu, maana hakuwapo.

Baba yake alimfundisha hivi: mkono hupenda laini, mguu hupenda mkwaruzo. Kishikio kipige msasa mpaka kiteleze kama tumbo la samaki, kisha ukipake mafuta. Kidato kipige randa, basi, kiachie nyayo zimalize.

Baada ya lile tetemeko la ardhi lililobomoa nyumba nyingi, watu walijenga kwa zege. Mkewe alikuwa ameshafariki, wanawe wawili wako Uarabuni wanafunga nondo, na patasi zake zilikaa kwenye gunia mpaka zikashika kutu. Siku jirani yake Ratnakaji alipokuja kumwita, Bekhalal alijifanya anafikiri kidogo, asije akaonekana alikuwa akisubiri.

Kazi ilikuwa ya heshima. Hakumaya, mama yake Ratnakaji, alikuwa anatimiza miaka sabini na saba, miezi saba na siku saba. Mtu wetu akifika hapo huhesabiwa amezaliwa upya. Wanawe na wajukuu humvuta mtaani kwenye kigari kama mungu, halafu huingizwa nyumbani kama bibi harusi: mwanamke wa nyumba hushika ncha moja ya ufunguo, yeye hushika ya pili, naye huongozwa hivyo hadi juu kabisa, chumba cha ibada.

Lakini ngazi ya kwanza, ile ya kutoka uani, ilikuwa mgonjwa. Tetemeko liliachanisha mbao za ubavu zinazoshika vidato, mvua iliozesha vidato viwili, na kishikio kilicheza kama jino la mtoto. Bekhalal alikaa nayo siku kumi na sita. Alitoa vigingi vya zamani kimoja kimoja, akachonga vipya, akagonga kabari mpaka ubavu ukarudi mahali pake. Alipasua gogo gumu lililokauka miaka, akatoa vidato viwili. Hakumaya alikuwa akishuka kumtazama, mkono kiunoni.

"We Bekha, unapiga randa au unaibembeleza?"

"Naibembeleza, dada. Mbao ni kama mke wa pili, ukiitumia nguvu inapasuka."

"Wewe hata huyo wa kwanza ulimpata kwa huruma ya baba yako."

Siku ya kumi na saba Ratnakaji akaipitishia ngazi kiganja.

"Kazi nzuri, mjomba. Sasa vanishi."

"Kishikio nitakipaka."

"Na vidato."

"Vidato havipakwi, mwanangu."

"Nimekaa Osaka miaka tisa. Ngazi zote kule zinang'aa, na wazee wanapanda."

"Za kule zimelala kama mbwa juani. Hii yako imesimama kama jogoo."

Hakumaya aliangua kicheko, lakini mwanawe hakucheka. "Kama mkono umechoka, mjomba, sema tu. Kuna vijana wana mashine, siku moja wamemaliza."

Neno hilo lilimchoma. Akamgeukia Hakumaya amtetee.

"Mimi nazaliwa upya," akasema yule mama. "Unataka nipande ngazi ya mitumba? Ipake, Bekha. Ing'ae."

Akaipaka. Na kwa kuwa alikuwa amechomwa, aliipaka kama hajawahi kupaka kitu maishani. Alifuta mbao kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi zisimame, akazilaza tena kwa msasa mwembamba, akapitisha vanishi mara tatu. Ngazi ikawa rangi ya asali. Ilipokauka alivua viatu, akapanda na kushuka mara saba kwa miguu mitupu. Haikuteleza. Akajiambia baba yake alikuwa mtu wa zamani, naye alikuwa hajaijua vanishi.

Siku yenyewe ua ulijaa. Majirani waliisifu ngazi kabla hata ya kumsifu mwenye sherehe, na Bekhalal alisimama karibu na kisima, kanzu mpya, mikono nyuma, kikombe cha pombe ya mchele kimeshampasha moto. Kigari kikarudi. Hakumaya akashuka mlangoni, amevaa nyekundu, mdogo kama msichana. Sanunani, mkewe Ratnakaji, akachukua mtungi, akammiminia mama mkwe wake maji miguuni, kama mila inavyotaka, kisha akamshikisha ncha ya ufunguo.

Bekhalal akayaona yale maji.

Mila hiyo aliijua toka utotoni. Mama yake mwenyewe alioshwa miguu vivyo hivyo. Lakini alipojaribu ngazi alijaribu kwa miguu mikavu, na hayo mengine hayakumjia kabisa. Kinywa kilifunguka. Kupaza sauti mtu akiwa ameshashikishwa ufunguo ni kumwitia kisirani kwenye maisha yake mapya. Na pembeni yake jirani mmoja alikuwa ndiyo kwanza anasema, "Fundi, hii ngazi ni kioo." Kinywa kikafumbika.

Mkono wa kulia wa Hakumaya ulikuwa na ufunguo, wa kushoto umebeba maua. Hakuwa na mkono wa kushika kishikio. Alipanda kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne mguu ulimkimbia. Mlio wa nyonga haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama ukuni mkavu.

Hospitali walimtia chuma. Mwanawe akamrudisha mgongoni, akamlaza chumba cha juu ya ngazi ileile, mlango wazi ili asikie watu.

Baada ya wiki mbili Bekhalal alikwenda bila kuitwa. Alipiga magoti kwenye kidato cha kwanza, akaanza kukwangua vanishi kwa kipande cha kioo.

"Nani huyo anakwangua kama panya?"

"Mimi, dada. Bekha."

Akakwangua vidato viwili, na cha tatu. Alipofika cha nne akaacha.

"Dada, niliyaona maji. Sanunani alipokumwagia. Niliyaona, nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kisirani."

"Kisirani." Pumzi zake zilisikika. "Na nini kingine?"

Bekhalal alitazama kioo mkononi. "Watu walikuwa wanaisifu."

Juu kitanda kililia, yule mama akijigeuza.

"Kwangua taratibu," akasema. "Kichwa kinaniuma."

Siku tatu zilizofuata alikwangua taratibu, wala hakuongeleshwa tena.

Hakumaya alifariki mvua zilipokuwa zinaisha, asubuhi. Machela ya maiti ikakataa kupita, kona ya ngazi ni nyembamba, na Ratnakaji akatuma mtu kumwita Bekhalal aje na nyundo. Alitoa vigingi vyake mwenyewe kimoja kimoja, akakibeba kishikio hadi uani, akakiegemeza ukutani. Wabebaji wakamshusha mama wa watu pekupeku, vidato vyote kumi na kimoja, kimyakimya.

Siku za msiba zilipokwisha, alipita kuuliza.

"Kishikio nikirudishe lini, mwanangu?"

Ratnakaji alikuwa akifunga viatu. Hakuinua kichwa. "Kiache kwanza, mjomba."

Akakiacha. Mwaka ukapita. Sanunani huanika pilipili juu yake, na upande unaopigwa na mvua vanishi imeanza kubanduka.