Kikopo cha Chumvi cha Mbotela

Nikiukumbuka mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, mwanangu, sianzi na harusi. Naanza na pazia. Tuliishi chumba kimoja mjini, mtaa wa Mbotela, na upande wa pili wa pazia walilala shemeji zangu wawili waliotoka Bungoma kutafuta vibarua vya viwandani Industrial Area. Vijana wazuri, sina neno nao. Lakini niambie wewe, bibi arusi Mkamba aliyeolewa kwa Waluhya atamkemea mumewe vipi, na shemeji wanasikia kila akijigeuza kitandani? Hata kucheka nilichekea ndani ya blanketi.

Basi tukawa tunaenda kugombana hotelini. Usicheke. Kulikuwa na hoteli ndogo karibu na Jogoo Road, ya chai, chapati na maharagwe tunayoyaita madondo, na kila Jumamosi Wafula wangu akitoka kazini tulikaa meza ya pembeni. Kwa kuwa sote wawili tulikuwa na midomo, tuliwekeana sheria: aliyeshika kikopo cha chumvi ndiye anayesema, mwenzake anyamaze mpaka kiachiliwe. Mimi nilikikumbatia mpaka chai inapoa. Nilimshtaki kwa viatu alivyotupa mlangoni, kwa mama yake, kwa shati lililopotea. Naye akikipata, kwanza aliniita kwa jina langu, Mwende, polepole, na hasira yangu yote ikaishia hapo. Nilimpenda sana yule mwanamume.

Siku hizi tuna nyumba mtaa wa Mowlem, vyumba vitatu. Watoto niliowazaa wote wameshaoa na kuolewa. Pazia hakuna, shemeji hakuna, na mazungumzo pia hakuna. Tangu Wafula astaafu, yeye ni televisheni, mimi ni jikoni. Tunaulizana tu kama tokeni za stima zimeisha. Ananiita Mama Wekesa, na huyo Wekesa mwenyewe ana watoto sasa. Kumbe mtu unaweza kuwa na hamu naye hata kama shati lake unalifua wewe.

Juzi tulienda Mbotela kwenye matanga ya jirani wa zamani. Wakati wa kurudi nikamwomba Wafula tupitie pale hotelini. Bado ipo, imewekwa vigae, na ukutani kuna televisheni kubwa. Nikasema moyoni, nimekwisha. Msichana wa kuhudumu akaja, akanisalimu "Sasa, shosho" kama bibi yake, nikaagiza chai, chapati na madondo, na kweli mzee alikuwa ameshaanza kutazama mpira.

Nikakivuta kikopo cha chumvi, nikakishika kwa mikono yote miwili. Moyo ulinidunda, ajuza mzima mimi. Niliogopa hatakumbuka. Zaidi niliogopa atakumbuka na asijali.

"Baba Wekesa," nikamwambia, "nyumbani kwetu nina upweke, na wewe umo."

Akaacha mpira. Akakitazama kile kikopo, nami nikakisukuma katikati ya meza. Akanyoosha mkono, akakishika.

"Mwende," akasema. "Nilidhani umechoka kunisikiliza."

Nililia pale pale, watu wakatazama. Naye akasema mpaka chai ikapoa: magoti yake, wenzake wa kazini anaowaota, hofu yake kwamba nitamtangulia kufa. Yote hayo alikuwa amekaa nayo kwenye kiti kile, hatua chache kutoka jikoni kwangu. Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono, lakini naililia miaka iliyopita kimya, na haitarudi.

Kwa hiyo wewe unayeanza ndoa katika nyumba yenye milango, usidhani milango itazungumza kwa niaba yenu. Chagueni meza yenu mahali fulani, na mwendelee kwenda hata siku mtakapokuwa na nafasi tele nyumbani. Mwenzako akinyamaza, usiseme ameridhika. Muulize.

Mungu akupe nyumba kubwa, mwanangu, na hata ukizeeka, asikunyime wa kukuita kwa jina lako.