Jina la Tisa Kwenye Jiwe la Mgodi

Mjomba wangu huwatembeza wageni katika mgodi wa zamani wa shaba, ule uliochimbwa hadi chini ya bahari. Huwaonyesha nyumba ya mashine, bomba la moshi na gati ya kupakilia mawe, kisha huwafikisha kwenye jiwe la kumbukumbu na kuwasomea majina ishirini na moja ya waliofukiwa. La tisa ni lake. Kila mwaka ofisi ya makumbusho humwalika asimame kimya dakika moja kwa ajili yake mwenyewe, naye huenda na koti lake, kwa sababu kuna chai.

Kosa lilitokana na vibati. Kila mchimbaji alikuwa na kibati chenye namba. Alikichukua ubaoni akishuka, akakirudisha akipanda. Asubuhi ile mjomba aliamka jino linamtoa machozi, na rafiki yake, Mrefu, akashuka na kibati cha mjomba ili zamu isipotee. Mgodi ukaporomoka. Mjomba alikwenda mbio kusema ukweli, mkono bado uko shavuni; karani akamwambia daftari limeshafungwa. Na kwa kuwa Mrefu hakuonekana kwenye zamu yake ya mchana, akafukuzwa kazi kwa utoro.

Dada yake Mrefu ndiye mkata tiketi getini. Miaka thelathini amekaa na barua ile ya kumfukuza kaka yake, watu wakimuuliza alitorokea wapi. Mwaka huu macho yake yalianza kufifia, akataka alione jina la kaka yake kwenye jiwe kabla hayajazimika kabisa.

Nikampeleka mjomba ofisini. Ofisa, mtu mpole kupita kiasi, alisema jina halifutwi bila idhini ya wafiwa. Akaniuliza kama nakubali. Nikakubali, huku marehemu ananikanyaga mguu nisicheke. Kisha akataka cheti cha kifo cha Mrefu. Hakipo, maana mtoro hafi. Akanipa pole kwa kufiwa na mjomba, akamwomba mjomba afunge mlango. Nilitoka nimekasirika hadi nikasahau mkoba.

Mjomba alirudi getini. Alilipandisha kundi la wageni hadi kwenye jiwe, akamwita dada yule aje. Akasoma la kwanza hadi la nane. La tisa akataja la Mrefu, kwa sauti, pamoja na la baba yake.

Mgeni mmoja akanyoosha kidole, akasema hapo hapakuandikwa hivyo.

"Aliyeandikwa ni mimi," mjomba akasema. "Aliyekufa ni kaka yake huyu. Alikuwa kazini."

Dada alikuwa ameweka kiganja juu ya jiwe. Mjomba alipotaka kuendelea na la kumi, dada akamshika mkono.

"Bado," akasema. "Rudia hilo."