Kufuli ya Tatu

Afisa anayekagua vikundi vya kuweka na kukopa akifika Utende huanza kusalimia sanduku la fedha, ndipo watu. Anachutama, anakunja mikono ya shati, halafu anazivuta kufuli moja moja kwa vidole vyake laini, kichwa kakiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kufuli tatu, funguo tatu, akina mama watatu. "Usalama kwanza," husema kwa ile sauti yake ya puani. Zuena, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mwani, humtazama amefura kama samaki bunju. Sanduku lenyewe siku hizi halina hata senti. Fedha zote zimo kwenye simu.

"Bwana afisa, hebu ziache hizo kufuli," alimwambia leo. "Tusaidie na hii mikopo ya simu. Nimechelewa kidogo tu kulipa, wakampigia mpaka mama mkwe, wakanitukana kwake. Hao nani anawakagua?"

"Suala hilo linafanyiwa kazi, mama," akajibu, kama alivyojibu mwaka jana na mwaka juzi, akashika kufuli ya pili. Simu yake ikaita. Vidole vimejaa kutu, akabonyeza vibaya, spika ikafunguka, na sauti ya msichana ikasikika ukumbi mzima: "Kaka, mkopo wako umepitiliza. Tuanze kuwapigia ndugu zako?"

Akaikata. Akaishika kufuli ya tatu, akaivuta, akaivuta tena.

"Hii imeshika kutu," akasema bila kuinua uso. "Ibadilisheni."