Tulipaka rangi mtaa wa stendi ya zamani Dongobesh, nikamshauri Mama Shamimu asihame

Wakuu, salamu kutoka Dongobesh. Baridi ya leo imenifanya niandike nikiwa nimejifunika blanketi hadi masikioni.

Ninayosimulia yamenitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nimejiacha hivyo hivyo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa ndani. Nina form four yangu ya kawaida, isiyoshtua mtu. Kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka kwa brashi, na tangu yaje mabango ya kuprinti imebaki kazi ya kujitambulisha tu. Ukiniuliza nafanya nini, nakwambia fundi maandishi. Ukiniuliza mara ya mwisho niliandika lini, nabadilisha mada.

Naishi kwa mama yangu, mtaa wa stendi ya zamani. Zamani magari ya Mbulu na Haydom yalikuwa yanasimama karibu na dirisha langu kabisa. Nilikuwa nawajua makondakta kwa sauti bila kuwahi kuwaona sura.

Kisha stendi ikahamishiwa upande wa pili wa mji.

Mtaa ukaanza kufa taratibu. Alianza kuondoka fundi cherehani. Akafuata wa duka la dawa. Kinyozi alikomaa kidogo, siku moja tukaona kioo chake kinapakiwa kwenye bodaboda, kinyozi mwenyewe kakikumbatia kama mgonjwa.

Aliyebaki ni Mama Shamimu na mgahawa wake.

Huyu mama ni mjane, kwao Kondoa. Marehemu mume wake alimleta huku akiwa binti, wakaanza na meza moja na jiko la mkaa. Shamimu mwenyewe ameolewa mbali. Kwa hiyo mgahawa ndio mume, ndio mtoto, ndio kila kitu.

Chai yake ya maziwa na chapati, wakuu, sitaeleza. Kutoka mlangoni kwetu hadi kwake ni kuvuka kichochoro tu, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya kila siku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umetoka? Huko ndani kuna moto?"

"Hapana mama, nimekuja kukusalimia."

"Umesalimia. Sasa sema unataka chapati ngapi, nina kazi mimi."

Sasa akaja Mwalimu Neema.

Ni binti anayejitolea shule ya msingi, mchangamfu, anaongea haraka mpaka ukimsikiliza unachoka wewe. Akaona ile milango iliyofungwa akasema, "Hapa tupake rangi. Tuchore. Halafu kila Jumamosi mchana tuweke tukio. Watu watarudi."

Mimi nikajua ni yale maneno ya watu wa mikutano. Ila akaniuliza kama naweza kuchora.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo tangu mabango ya kuprinti yaje. Nikasema naweza hata kabla hajamaliza.

Wenye milango wakaombwa ruhusa, wakakubali, maana mlango wenyewe haukuwa na kazi. Rangi zikatoka kwa huyu nusu kopo, kwa yule robo. Wazo langu lilikuwa hili: kila mlango nichore kilichokuwa kinauzwa ndani. Kwa fundi nikachora cherehani na vitenge. Kwa kinyozi nikachora jamaa kanyolewa upande mmoja, upande mwingine bado.

Kwenye lile lililokuwa duka la rejareja nikachora rafu nzima ya sabuni, chumvi, viberiti na mafuta ya taa. Siku moja bibi mmoja akasimama pale akigonga mlango, anataka sabuni ya mche. Nikamwambia bibi, hii ni picha. Akaniangalia, akasema, "Sasa mnachora ya nini kama hamuuzi?"

Nilicheka sana. Leo sicheki.

Jumamosi ya kwanza walikuja watoto tu. Ya pili wakaja watoto na mama zao. Ya tatu, wakuu, mtaa ulijaa!

Watu wa Nambis, watu wa vijiji vya jirani, wazee na fimbo zao, vijana na pikipiki. Ngoma ya Kiiraqw ikapigwa, wazee wakasimama kurekebisha vijana wanaoruka vibaya. Watoto wa madrasa wakaimba kaswida, kwaya ya kanisani ikafuata, kisha wakachanganyika kwenye kuvuta kamba, wanawake wakawashinda wanaume mara mbili.

Na wote hao walikuwa wanakula kwa Mama Shamimu. Aliita wasichana wawili wa kumsaidia. Alikuwa anapita katikati ya watu na birika anatukana kwa furaha. "Kaa vizuri wewe, hilo benchi si lako peke yako! Na huyu mchoraji mpeni chai, leo amekaa juani masaa matatu, atatuugulia."

Nilikuwa sijawahi kujisikia hivyo. Watu walikuwa wananipa mkono. Mzee mmoja wa Nambis, Mzee Boay, alikuwa hakosi Jumamosi hata moja. Anafika mapema, anakaa mbele, anakunywa chai vikombe viwili, anacheka na yule jamaa niliyemchora nusu kichwa pale mlangoni kwa kinyozi.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Kipindi hicho hicho stendi mpya kulikuwa na vibanda vya chakula vinagawiwa. Kamati ya vibanda iliweka mbele majina ya waliopoteza biashara mtaa wetu. Jina la Mama Shamimu lilikuwa tayari kwenye orodha. Alichotakiwa ni kwenda kusaini kabla ya Ijumaa fulani, na kufunga mgahawa wa huku, maana hawataki mtu ashike sehemu mbili.

Akaniita. Mimi! Kwa sababu nimesoma mpaka form four na siku hizi napewa mkono.

"Paskali, nisaini au nisisaini?"

Nikamwambia, "Mama, ukihama wewe mtaa umekufa. Watu wanakuja huku. Wewe mwenyewe si unaona?"

Akasema, "Naona. Lakini mnada umefungwa. Au ndiyo sababu?"

Hapa niwaeleze wasio wa huku. Mnada wetu ni Jumamosi. Ng'ombe, mbuzi, mitumba, nyama choma, kila kitu. Miezi ile ulikuwa umefungwa kwa karantini, kuna ugonjwa wa mifugo. Mji mzima ulijua. Hata mimi nilijua, ila mimi sina hata kuku, mnadani sijawahi kukanyaga, kwangu ilikuwa ni habari ya redioni tu.

Kwa hiyo nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Mama, mnada ni ng'ombe. Hii ni sanaa. Hawa wameipenda sanaa."

Nilisema hivyo. Mdomo huu huu.

Na kuna kitu sijamwambia mtu, nakisema hapa kwa kuwa hamnijui. Sikutaka ahame. Stendi mpya ni mbali kwa miguu, na mimi nilikuwa nawaza chai yangu ya asubuhi ingekuwa wapi. Niliyaita mawazo hayo "kuokoa mtaa".

Ijumaa ikapita. Hakusaini.

Jumamosi kama ya tatu baada ya hapo, nilitoka na brashi zangu mapema. Mama Shamimu alikuwa ameshakanda unga mwingi, supu inachemka. Mwalimu Neema kapanga viti.

Saa nane, hakuna mtu.

Saa tisa, watoto sita. Wapiga ngoma wenyewe hawajaja.

Saa tisa na kitu akapita Mzee Boay, mbio mbio, anaswaga mbuzi wawili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona mmekaa kama mko msibani?"

"Tunasubiri watu, mzee."

"Watu wako mnadani! Umefunguliwa leo, hamkusikia? Mimi mwenyewe nimechelewa."

Nikamuuliza, na bora nisingeuliza, "Mzee, si ulikuwa unapenda kuja huku kwenye ngoma?"

"Napenda. Mnada ulifungwa, ulitaka Jumamosi nzima nikae nyumbani niangaliane na bibi yenu?" Akacheka kwa upendo kabisa. "Ngoma yenu nzuri sana. Ila mbuzi siwezi kuwauzia watoto wa shule."

Akaendelea na safari yake.

Nikageuka. Mama Shamimu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, amesikia kila neno. Hakufoka. Alichukua kitambaa akafunika chapati, akaniambia, "Kula, Paskali. Ziko nyingi."

Nilikula mbili. Zilikuwa kama udongo, na kosa halikuwa la chapati.

Jumatatu nilitembea hadi stendi mpya, mara yangu ya kwanza kufika. Nikamkuta katibu wa kamati ya vibanda, nikamweleza.

"Kibanda cha Mama Shamimu? Amepewa mwingine. Tulimtumia ujumbe mara mbili."

"Alijibu nini?"

"Kwamba mtaa wao umefufuka. Ameshauriwa na kijana msomi." Akaniangalia. "Unamjua huyo kijana?"

Nikasema simjui.

Tulijaribu tena. Tukahamishia Jumapili, watu wakitoka kanisani wanawahi mifugo. Tukajaribu katikati ya wiki, wako shambani. Mwalimu Neema alipiga simu mpaka sauti ikakauka. Waliokuja ni wale wale wa mtaani, hawatoshi kujaza benchi.

Niwe mkweli, sanaa haikuwa uongo. Watu walicheka kweli. Familia mbili zilizokuwa hazisalimiani kisa ukuta wa uani, leo zinaazimana beleshi. Watoto bado wanapitia njia ya huku kuangalia picha.

Lakini beleshi la kuazimana haliuzi chai.

Mama Shamimu alijaribu kukaa stendi na chupa ya chai na ndoo ya chapati. Wasio na vibanda hawaruhusiwi kutandaza, wakamwondoa. Akahamia pembeni, wakamwondoa tena. Magoti yake hayataki kusimama. Mwezi uliopita akaniambia ameongea na kaka yake Kondoa, kuna chumba cha uani, atakaa humo. Hajawahi kupendana na wifi yake, hilo mtaa mzima tunalijua.

Hajanilaumu hata siku moja. Namwamkia, anaitikia marahaba, basi. Haniulizi tena kama ndani kuna moto. Wakuu, bora angenimwagia chai.

Nilichojifunza: kabla hujasema mmefufua mtaa, uliza watu walikuwa wanakwenda wapi kabla ya kuja kwenu, na huko kumekuwaje. Pia, ushauri unaompa mtu ukikuta unakufaa na wewe, nyamaza kwanza, mwambie ukweli kwamba na wewe una lako ndani yake. Yeye aliniuliza swali sahihi kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa na jibu zuri tu, si la kweli.

Mwalimu Neema amenitumia ujumbe, anataka tukachore ukuta wa stendi mpya. Sijamjibu. Waliowahi kufanya mambo kama haya mitaani kwao, nisaidieni: yenu yalidumu? Mlifanyaje? Na wa kunitukana nao nafasi ipo, pangeni foleni taratibu.

Mama Shamimu anasafiri kesho asubuhi. Tangu nianze kuandika uzi huu nasikia masufuria yanafungwa upande wa pili wa kichochoro. Nimeshavaa viatu mara mbili nivuke nikamwambie lile la chai, nimevua mara mbili.